Taa Namba Arobaini na Moja

Fundi Saa alikuwa mtu wa kushukuru mpaka anachosha. Alimshukuru aliyempisha njiani, alimshukuru aliyemsalimia, na saa ya mteja ikianza kutembea baada ya siku tatu za kuchokonolewa, aliishukuru saa yenyewe kwanza ndipo amwite mwenyewe aje kuichukua. Marehemu mkewe alikuwa akisema kwamba huyu bwana akiibiwa kuku wote, atamfuata mwizi amshukuru kwa kumwachia banda.

Hizo zote, hata hivyo, zilikuwa shukrani za kupita njia. Shukrani yenyewe, ile iliyokuwa na makazi ya kudumu moyoni mwake, ilikuwa ya mtu mmoja tu, rafiki yake Kinyozi. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, kabla huyu hajawa fundi saa na yule hajawa kinyozi, wote wawili walikuwa wachimbaji katika mgodi wa shaba. Siku moja mwamba uliporomoka, Fundi Saa akafukiwa hadi kifuani. Mtu akaingia gizani, akamfukua, akamkokota hadi nje. Vumbi lilikuwa zito na aliyekokotwa alikuwa chali, kwa hiyo sura ya mwokozi wake hakuiona. Alichokiona ni kisanduku cha betri ya taa, kilichoning'inia kiunoni mwa mtu yule karibu kabisa na pua yake, na juu yake namba iliyopakwa rangi nyeupe: arobaini na moja. Kila mchimbaji alikuwa na taa yake na namba yake, na kuazimana ilikuwa marufuku. Namba arobaini na moja alikuwa Kinyozi.

Basi Kinyozi akafanywa ndugu, atake asitake. Fundi Saa alipopata binti, mtoto yule alifundishwa kusema "baba mdogo" kabla hajajua kuomba maji. Kinyozi alipofiwa na mkewe bila kujaliwa mtoto, walikwenda kumhamisha na sanduku lake, wakampa chumba cha nyuma chenye dirisha la kutazama uani, na tangu siku hiyo hakuwahi kula peke yake. Hata vibanda vyao vya kazi viligawana ukuta mmoja wa mbao. Ukuta huo ulikuwa na tundu la ukubwa wa kikombe, na kupitia tundu hilo wazee hawa wawili walibishana kutwa nzima, mmoja na kioo chake cha kukuzia jichoni, mwingine na kichwa cha mteja mkononi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kinyozi hakumwokoa mtu yeyote.

Aliwahi kujaribu kusema. Mara nne, kama hesabu yake ilikuwa sawa. Kila aliposema "si mimi", watu walitikisa vichwa kwa heshima, wakaambiana kuwa mnaona mtu asiyependa makuu. Mara ya nne Fundi Saa alilia machozi kwa unyenyekevu huo, na Kinyozi akakata tamaa. Ukweli wake ukawa kama mfupa wa samaki kooni. Haushuki, hautoki, na mwenye nao anaendelea kula.

Sasa binti alikuwa mtu mzima, mchora mabango anayejulikana, na wasimamizi wa magofu ya kale nje ya mji walikuwa wamempa kazi ya mbao sita za kuwaeleza wageni walichokuwa wakikiona. Nne zilikuwa za magofu, mbili za mgodi wa zamani ulio jirani nayo. Tano alizimaliza uani kwake, zikapelekwa kusimikwa. Ya sita aliiacha tupu. Alitaka kuiandikia palepale mlangoni mwa mgodi, mbele ya wazee wake wawili, nayo ingesimulia jinsi namba arobaini na moja alivyomtoa mwenzake kifusini. Alisema rangi anayoitumia haibanduki kwa miaka ishirini.

Kinyozi aliposikia hayo, wembe ulimponyoka. Kumdanganya ndugu yako mezani ni jambo moja, unaweza hata kujizoesha. Kuandikiwa uongo huo hadharani, kwa rangi ya miaka ishirini, wageni na watoto wa shule wausome, hilo lilimshinda. Akakata shauri kwamba siku ya safari atasema, tena mapema, kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Na alijua akisema atakachopoteza. Atapoteza chumba, tundu la ukutani, na mtu pekee duniani aliyemwita baba mdogo.

Walikwenda Jumamosi asubuhi kwa baiskeli, kwa sababu njia ile ina kivuko cha miti ambacho gari halipiti. Binti alitangulia, ubao umefungwa kwenye karia, kopo la rangi limening'inia kwenye usukani. Fundi Saa alifuata. Mbavu zake ziliunga vibaya tangu ajali ile na pumzi yake ilikuwa fupi, lakini njia ya kwenda ni mteremko karibu yote, naye aliteremka miguu kainyanyua kama mtoto, akiushukuru upepo, akiishukuru breki, akimshukuru mzee mmoja aliyefunga mbuzi wake mbali na njia. Kinyozi alikuwa wa nyuma kabisa. Alisema cheni yake inalegea. Haikuwa inalegea, alitaka tu uso wake usionekane.

Kulikuwa kuzuri, hilo lazima lisemwe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na vumbi limetulia. Mashamba yalikuwa mabichi pande zote mbili, na kwenye kivuko maji yalipita chini yao kwa sauti ndogo huku wakisukuma baiskeli moja moja. Kinyozi alitazama mgongo wa rafiki yake ukiyumba mbele, shati limejaa upepo, akajikuta anamshukuru Mungu kwa mgongo ule kuwepo. Halafu akakumbuka kazi iliyomleta.

Kwenye magofu walipumzika. Palikuwa na kuta za mawe zilizofika kiunoni, kisima kikavu, na mlango mmoja uliobaki umesimama peke yake bila nyumba. Nani alijenga, hakuna aliyejua kwa hakika, na ubao wa binti ulikiri hivyo bila aibu. Alipewa sifa zake kwa maandishi yaliyonyooka. Walikaa juu ya ukuta, wakala mayai ya kuchemsha na mkate, wakanywa chai ya chupa. Fundi Saa aliupitia ule mlango usio na nyumba mara mbili, kwenda na kurudi, akapiga hodi kila mara.

Kinyozi aliona hapa ndipo. Akamwambia rafiki yake kuwa ana jambo. Fundi Saa akainua kiganja kumzuia. Akasema, najua, hupendi kusifiwa, unataka kuniomba niseme kwa ufupi mbele ya watu, na kwa leo nakuomba uvumilie, kesho nitanyamaza. Binti akacheka. Kinyozi naye akacheka, maana alishindwa kujua afanye nini na mdomo uliokuwa tayari umefunguka. Wakapanda baiskeli.

Mgodi ulikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka hapo. Kinyozi hakuwa amekanyaga pale tangu ulipofungwa, miaka ishirini na saba, na Fundi Saa aliwaeleza watu kila mara kuwa ni kwa ajili ya kumbukumbu nzito, akamshukuru hata kwa hizo. Handaki lilikuwa limewekwa nondo mlangoni. Reli za vigari zilimezwa na majani. Jengo pekee lenye uhai lilikuwa chumba cha taa, chenye bati jipya na pazia dirishani, na mlangoni pake alisimama mtu mwembamba mwenye kitita cha funguo mkononi.

Alikuwa Mtunza Taa. Zamani kazi yake ilikuwa kuwagawia wachimbaji taa asubuhi na kuzipokea jioni, na kuangalia ubao wa vibati, ambapo kila aliyeshuka alitundika kibati chenye namba yake ili ijulikane nani yumo ndani. Mgodi ulipofungwa alibakizwa kama mlinzi. Akawakaribisha kwa utulivu, akapokea shikamoo ya binti, akampa Fundi Saa mkono. Alipofika kwa Kinyozi alimtazama kitambo kidogo, akampa mkono vilevile.

Ndani palinukia mafuta na chuma. Rafu za taa zilikuwepo bado, kila nafasi na namba yake, na ukutani ubao wa vibati na misumari yake mitupu. Mtunza Taa aliwamiminia maji kutoka mtungini. Fundi Saa, ambaye hakuwahi kukutana na sikio jipya akaliacha, alianza kumsimulia palepale. Alisimulia giza, na mwamba, na kunyamaza kwa kila kitu. Alisimulia mikono iliyomshika kwapani. Mtunza Taa aliitikia kwa kichwa. Fundi Saa akasema alivutwa mpaka kwenye bomba, pale akapumzishwa kidogo, kisha safari ikaendelea. Mtunza Taa akaitikia tena, na safari hii aliitikia kabla neno "bomba" halijatamkwa.

Wengine hawakuona. Kinyozi aliona. Wakatoka nje, binti akausimamisha ubao juu ya jiwe, akafungua kopo, akachovya brashi, akauliza aanze na jina au aanze na namba.

"Usiandike," Kinyozi akasema. "Mwanangu, weka brashi chini. Si mimi. Na nikisema si mimi, msinisifu, nisikilizeni. Siku ile sikuingia mgodini kabisa."

Akayasema yote akiwa amesimama, mikono imening'inia. Kwamba jana yake alisikia mwamba ukilia, na asubuhi ile miguu ilikataa. Kwamba alitundika kibati chake ubaoni, kisha akashindwa kuichukua taa yake rafuni, na Mtunza Taa, kwa huruma, akamwambia akajipumzishe kwenye banda la magogo, akauacha ubao useme ameshuka. Mwamba ulipoporomoka na wengine wakakimbia nje, ubaoni vilibaki vibati viwili, cha Fundi Saa na cha arobaini na moja. Nyapara alizuia mtu kuingia mpaka vumbi litulie. Mtunza Taa hakuwa na ruhusa ya kushuka, wala ya kuacha chumba chake hata dakika moja. Aliichukua taa pekee iliyobaki rafuni akaingia kwa njia ya hewa. Alipomfikisha mtu nje, alisikia watu wanakuja, akamlaza akarudi kazini kwake. Na Kinyozi, aliyekuwa anatoka mbio bandani, ndiye aliyekutwa amemwinamia.

"Vibati viwili, watu wawili," akamalizia. "Hesabu ikakubali. Na wewe ukafumbua macho ukataja namba yangu. Ningekanusha palepale, yeye angefukuzwa kwa kuacha chumba na mimi kwa kujificha. Hilo tulikubaliana jioni ile. Lakini mgodi ulipofungwa hakukuwa tena na wa kumfukuza mtu. Kuanzia hapo ni mimi mwenyewe. Niliogopa kuwakosa."

Rangi ilidondoka kutoka kwenye brashi tone moja, tone la pili. Fundi Saa alimgeukia Mtunza Taa, akamuuliza kama ni kweli. Mtunza Taa akajibu kuwa ni siku nyingi zimepita.

"Sijakuuliza ni siku ngapi," Fundi Saa akasema.

"Ni kweli," akajibu yule.

Fundi Saa akamwendea. Akaishika mikono yake yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaiinamia kwa karibu kama anavyoinamia saa iliyokorofisha. Mtu aliyewahi kuishukuru breki alifungua mdomo na hapakutoka neno. Akafunga, akafungua tena. Mwisho akalia, kwa sauti, mabega yakimtikisika, na Mtunza Taa, ambaye dhahiri hakuwa amezoea kushikwa, alibaki amesimama kama nguzo mpaka akapata la kusema.

"Ulikuwa mzito," akasema. "Sijapata kubeba kitu kizito hivyo."

Hapo Fundi Saa alicheka katikati ya kilio, na neno likatoka. Alisema asante mara moja tu. Kinyozi, aliyewahi kupokea asante za miaka thelathini na mmoja, alijua akiisikia kwamba hakuwahi kupewa kama ile.

Mtunza Taa akajaribu kumtetea mwenzake. Akasema taa nyingine zote nzima siku ile zilikuwa zimeshuka, zilizobaki zilikuwa mbovu mezani, na kama huyu angechukua yake asubuhi, yeye angeingia na nini, kiberiti? Fundi Saa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Kinyozi kwa mara ya kwanza tangu akiri.

"Kujificha sikulaumu," akasema. "Hata mimi asubuhi ile tumbo lilikuwa la maji. Ila huyu bwana amekaa hapa peke yake, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, na asante yake ilikuwa kwangu. Ulikuwa unaijua njia. Miaka yote hiyo ulikuwa unaijua njia."

Kinyozi aliinamisha kichwa, kwa sababu lilikuwa kweli neno kwa neno. Wazee wale wawili wakaingia ndani ya chumba cha taa, mlango ukarudishwa. Alisikia maji yakimiminwa, kisha kicheko cha kikohozi cha Mtunza Taa, na maswali ya Fundi Saa yasiyokwisha: una watoto wangapi, unalala wapi, mbona hukuja mjini hata mara moja. Alimsikia yule akijibu kuwa alidhani Kinyozi atawaambia mwenyewe, na siku zikapita, akazoea. Kinyozi alishukuru kwamba mlango umefungwa. Moyo ulimuuma, lakini ule mfupa kooni haukuwepo tena, na jambo hilo lilimshangaza kama mtu aliyeacha kusikia kelele ya mashine.

Binti alikaa karibu naye juu ya gogo. Alikuwa amefunika kopo. Alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, kisha akamuuliza jambo moja tu.

"Baba mdogo, ulivyokuwa unanipeleka shule kwa baiskeli, mvua ikinyesha unanifunika koti lako. Ilikuwa kwa sababu ya hili?"

Kinyozi alifikiri kwa dhati. Hakutaka kumaliza siku kwa uongo mwingine, hata mzuri.

"Siku za mwanzo, ndiyo," akasema. "Baadaye nilisahau. Nilikuwa nakupeleka shule tu."

Binti akaitikia kwa kichwa polepole, akainuka, akafungua kopo lake tena. Aliandika jinsi wazee wa ndani walivyomwelekeza. Mtunza Taa alikataa jina lake kuandikwa, akasema cheo kinatosha, na Fundi Saa akabishana naye kwa nusu saa akashindwa. Lakini hakushindwa kumbana aahidi kuja mjini wiki iliyofuata.

Walipoagana jua lilikuwa limeanza kuegemea upande. Mteremko wa asubuhi ulikuwa sasa mlima. Binti alitangulia, karia tupu. Fundi Saa akafuata, ametazama mbele, hajasema neno na Kinyozi tangu walipotoka, wala hakuushukuru upepo, wala kivuko, wala mtu. Kinyozi aliendesha nyuma, mbali kuliko alivyokuja. Kichwani alikuwa tayari anafunga sanduku lake. Nguo zingeingia zote, wembe na mashine zingekwenda kwenye kitambaa, na kile kibanda angekiacha, atatafuta ukuta mwingine usio na tundu. Haikumjia kunung'unika. Alijihesabia yale aliyopata bila kustahili, milo yote ile, na sauti ya mtoto ikimwita kutoka uani, akaona kwamba hata yakikoma leo, alikuwa amepewa maisha ya watu wawili. Aliwashukuru kimoyomoyo mmoja mmoja, kuanzia marehemu mke wa Fundi Saa, ambaye hakuwahi kumuuliza chochote.

Katikati ya mlima Fundi Saa alisimama. Hakushuka. Aliweka mguu mmoja chini, mkono ubavuni, kifua kikipanda na kushuka kwa haraka. Binti alikuwa amefika juu, amegeuka anawatazama. Kinyozi naye akasimama, hatua ishirini nyuma, akishika usukani kwa nguvu. Siku nyingine yoyote angekuwa ameshafika pale. Leo hakujua kama bado ana haki hiyo, na kwa kutokujua akabaki amesimama kama mteja aliyekuta duka limefungwa.

Fundi Saa aligeuza kichwa. Alikuwa mwekundu wa macho, jasho linamtiririka, pumzi ikimkatia maneno vipande vipande.

"Unangoja nini huko? Njoo uniokoe," akasema. "Safari hii nakuona kwa macho yangu."

Kinyozi aliilaza baiskeli yake kwenye majani, akapanda mbio. Akaweka viganja vyote viwili kwenye mgongo ule, akasukuma.